Presha ya Kiburi

Mkuu wake alipiga simu saa mbili na nusu asubuhi, na hakuanza na salamu.

"Majibu ya maabara yametoka," alisema. "Dawa ilikuwa dawa. Hakuna sumu, hakuna maji, hakuna aliyebadilisha chupa. Kwa hiyo yule mama alimwua farasi kwa uzembe au kwa makusudi. Chagua moja, andika, unikabidhi faili kabla ya saa saba."

Inspekta alikuwa amesimama kwenye ua wa hospitali ya mifugo, mbele ya banda namba nne, ambalo lilikuwa tupu na limekwisha kumwagiwa dawa ya kuua vijidudu. Kazini walimwita Msumari, kwa kuwa akishagongomelewa mahali hang'oki. Wengine walilitamka jina hilo kwa kumsifu. Mkuu alilitamka kwa kuchoka.

"Kuna la tatu," alijibu.

"Lipi?"

"Sijalijua bado."

"Mwenye farasi amenipigia mara nne tangu jana. Daktari Mkuu amenipigia mara mbili. Kila mtu anajua ila wewe. Saa saba, Msumari."

Simu ikakatika. Msumari akaitia mfukoni, akatazama tena lile banda tupu.

Siku sita zilizopita alikuwa humo farasi jike wa kuruka viunzi, mweusi tii, aliyepewa jina la Kiburi kwa sababu alikuwa hakubali kushikwa kichwa na mtu asiyemjua. Aliletwa kutolewa kipande cha mfupa gotini, kazi ya saa mbili na ushee. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichoharibika ni kuamka. Katika chumba chenye kuta za magodoro, Kiburi alijaribu kusimama mara tatu, akashindwa. Nyama za paja lake la kushoto, lile alilolilalia, zilikuwa zimekauka kama ubao. Mara ya nne alijiinua kwa nguvu zote, mguu wa nyuma ukavunjika, na Daktari Mkuu mwenyewe akampiga sindano ya mwisho. Mwenye farasi, bibi mmoja aliyemlea tangu siku aliyozaliwa, alishuhudia yote kupitia kidirisha cha mlangoni. Kesho yake akaenda polisi.

Msumari alikuwa amepoteza siku tatu akifukuzia dawa. Alimhoji mtunza stoo hadi mtu akatokwa jasho la viganja, akabeba chupa zote kupeleka maabara, akaifungua hata pampu. Pampu ilikuwa nzima. Sasa na dawa nayo ilikuwa nzima. Akajipangusa vumbi viatuni, akapanda ngazi.

Ofisi ya Daktari Mkuu ilijaa vikombe vya mashindano na picha za farasi waliopona. Mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, ameegemea mto mdogo uliowekwa nyuma ya kiti. Mbele yake aliketi mtaalamu wa nusu kaputi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye wanafunzi walimpa jina la Mama Mapigo, kwa kuwa vidole vyake havikuisha kutafuta mshipa wa mtu au mnyama. Mkoba wake ulikuwa mapajani. Mezani palikuwa na barua ya kurasa mbili, na juu yake kalamu iliyofunguliwa kifuniko.

Karibu na kabati alisimama msichana mfupi wa miaka ishirini na mitano hivi, amekumbatia majalada. Huyo alikuwa msaidizi wa upasuaji, na pia mtoto wa dada yake Daktari Mkuu, aliyelelewa na mjomba huyo tangu mama yake alipofariki.

"Karibu, Inspekta," alisema Daktari Mkuu. "Umefika wakati mzuri. Tunalimaliza jambo hili kiungwana. Mwenzetu anakiri kosa, anajiuzulu, na mimi namwomba mwenye farasi alegeze kamba. Hakuna haja ya mahakama."

"Umeshatia saini?" Msumari alimwuliza Mama Mapigo.

"Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta makosa ya tahajia, nikapata matatu. Sitii saini."

"Mama, usijifanyie ugumu," alisema Daktari Mkuu kwa sauti ya upole.

"Ugumu sijifanyii mimi. Unataka niondoke, niandikie barua ya kunifukuza, na sababu uiandike kwa mkono wako. Wangu hauandiki uongo."

Msumari akavuta kiti, akakaa kati yao. "Nieleze ulichofanya siku ile. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua farasi ana miguu mingapi, maana siko mbali na hapo."

Mama Mapigo akaushusha mkoba chini.

"Gesi ya usingizi inamlaza farasi, lakini inaulaza na moyo wake. Mishipa inalegea, presha inashuka. Mtu kama wewe angevumilia. Farasi ana kilo mia tano, na amelalia ubavu mmoja. Nyama za upande wa chini zinabanwa na uzito wake mwenyewe, na damu isiposukumwa kwa nguvu haifiki huko. Zikikosa damu saa nzima, zinakufa angali amelala. Kwa hiyo kazi yangu yote natazama namba moja, presha ya wastani. Ikiwa sabini, nakaa. Ikikaribia sitini, nasimama. Napunguza gesi kama inawezekana, naongeza maji ya dripu, nafungulia dobutamini."

"Hiyo ndiyo ile dawa?"

"Ndiyo. Inaufanya moyo ukaze ngumi. Lakini ni kali, inapita tone kwa tone kwa pampu. Ikizidi, mapigo yanakwenda kombo na unaweza kumpoteza farasi kwa dakika. Ndiyo maana presha ikishapanda vya kutosha, unairudisha chini."

"Na wewe uliirudisha."

"Saa nne na dakika kumi na mbili. Kwa nusu."

Daktari Mkuu akafungua viganja. "Umemsikia mwenyewe."

"Presha ilikuwa ngapi?" Msumari aliendelea, bila kumgeukia.

"Themanini na mbili."

"Na hapo ndipo hadithi inapoanza," alisema Daktari Mkuu. Akavuta karatasi kutoka kwenye jalada, akazisukuma mbele. "Hizi ni karatasi za mashine yenyewe. Sabini, sabini na moja, sabini, halafu mwishoni hamsini na mbili. Themanini na mbili haimo popote. Alipunguza dawa farasi akiwa hana akiba, kisha akamwacha aporomoke. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Nasema alikuwa amechoka na amekasirika. Wiki moja kabla aliniandikia kwamba hatafanya kazi tena bila msaidizi."

"Niliandika, na ninasimamia kila neno," alisema Mama Mapigo.

Msumari alizichukua zile karatasi. Zilikuwa mbili, safi, na saa zimechapwa pembeni. Alizisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akatazama pembe ya chini.

"Hii ni ya pili kati ya tatu. Na hii ya tatu kati ya tatu. Ya pili inaanza saa nne na robo. Ya kwanza iko wapi?"

"Karatasi hupotea, Inspekta. Hapa ni hospitali, si makumbusho."

"Imepotea ile moja tu yenye saa nne na dakika kumi na mbili."

Msichana karibu na kabati alibadilisha mguu wa kusimamia.

"Nitaingia chumba cha upasuaji," alisema Msumari.

"Leo kina ratiba."

"Leo kina hati ya upekuzi." Akaitoa kwenye mfuko wa koti, akaiweka juu ya ile barua isiyotiwa saini. "Mashine nayo imetajwa, mstari wa tano. Ningependa tuende wote wanne."

Daktari Mkuu alisimama kwa vituo viwili, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Koti lilipofunguka, mkanda mpana wa kubana kiuno ulionekana juu ya shati.

"Mgongo?" aliuliza Msumari.

"Miaka thelathini ya kuinamia meza fupi," alisema yule bwana, kisha akatangulia.

Chumba cha upasuaji kilikuwa kikubwa kama gereji. Darini palining'inia mnyororo wa kunyanyulia farasi, na katikati palikuwa na meza pana ya chuma yenye godoro la mpira, imekaa juu ya mguu mmoja mnene. Sakafuni kulikuwa na pedali mbili, moja ya kupandisha na moja ya kushusha. Msumari alikizunguka chumba kizima mara moja, mikono nyuma. Ukutani, kando ya mashine ya gesi, alisimama. Palikuwa na vipande vinne vya plasta vilivyobanduliwa nusu, kila kimoja kwenye pembe yake, na katikati rangi ya ukuta ilikuwa nyeupe kuliko kwingine.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Karatasi yangu," alijibu Mama Mapigo. "Iliandikwa kwa herufi kubwa: meza isiguswe bila kuniambia. Niliibandika miezi miwili iliyopita. Siku aliyokufa Kiburi asubuhi ilikuwepo."

"Nani ameibandua?"

"Wafanya usafi, pengine," alisema Daktari Mkuu.

"Wafanya usafi wangebandua na plasta," alisema Msumari. "Kwa nini meza isiguswe?"

Mama Mapigo alikwenda kwenye droo, akarudi na kifaa kidogo, ukubwa wa kiberiti, chenye mrija mwembamba upande mmoja na waya upande wa pili.

"Kwa sababu ya hiki. Natia sindano kwenye mshipa wa shavuni mwa farasi, mrija unaleta presha ya damu mpaka hapa, hiki kinaisoma na kuipeleka kwenye kioo. Lakini lazima kikae usawa wa moyo. Zamani kilikuwa na kishikizo chake kwenye meza, meza ikipanda na chenyewe kinapanda. Kishikizo kilivunjika. Niliomba kitengenezwe, barua tatu, nakala ninazo. Sikujibiwa. Nikawa nakifunga kwa plasta kwenye stendi ya dripu, na stendi inasimama sakafuni."

"Kwa hiyo meza ikipandishwa, moyo unakwenda juu, hiki kinabaki chini."

"Na kitasoma uongo. Kitaonyesha presha kubwa kuliko aliyonayo farasi."

Msumari alimtazama. "Uliyajua haya siku zote sita?"

"Niliyahisi. Siku ile ile, farasi akiwa amelala mfu, niliwauliza wote wawili: meza iliguswa? Wakaniambia haikuguswa. Wewe ulikuwa unafukuzia chupa. Ningekuja na hisia tupu dhidi ya Daktari Mkuu, ungeniona natafuta pa kutupia mzigo."

"Ningekuona hivyo," alikiri Msumari. "Sasa nichapie ile karatasi ya kwanza."

"Mtaalamu wa mashine hayupo leo," alisema Daktari Mkuu.

Mama Mapigo alibonyeza vitufe vitatu. "Inatunza siku thelathini," alisema, na karatasi ikaanza kutoka kwa sauti ya kukwaruza. Aliichana, hakuitazama, akampa Msumari.

Msumari aliitandaza juu ya meza, akaunga chini yake zile mbili za ofisini. Sasa asubuhi yote ilikuwa mbele yake kwa mstari mmoja. Saa nne na dakika saba, presha sitini na nne. Saa nne na dakika nane, themanini na mbili.

"Ulikuwa wapi saa nne na dakika nane?"

"Stoo, mlango ule pale. Mtungi wa oksijeni ulikuwa unakwisha, nikaenda kuvuta mwingine. Dakika tatu, nne. Sina msaidizi, kama nilivyoandika. Niliporudi nikaona themanini na mbili, nikafikiri dawa imeshika. Nikaipunguza, kama ninavyofundisha."

"Daktari Mkuu, wewe unaielezaje?"

"Farasi alitaka kuamka," alijibu bila kusita. "Gesi ilikuwa ndogo. Farasi akisisimka presha inaruka. Hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua."

Lilikuwa jibu zuri, na Msumari alilipa heshima yake. Alimgeukia Mama Mapigo.

"Inawezekana?"

"Inawezekana sana. Ila farasi akisisimka, jicho linacheza, pumzi inabadilika, na mara nyingi mapigo nayo hayatulii. Soma mstari wa mapigo."

Msumari akasoma. Thelathini na sita. Thelathini na sita. Thelathini na sita. Mstari wa pumzi nao ulikuwa umenyooka. Moyo ulikuwa haujasikia habari yoyote.

"Na dawa? Ingeweza kupandisha namna hii?"

"Dawa inapanda kama mtu anayepanda kilima. Hii imeruka ukuta. Ningeiona karatasi hii siku ile ningejua. Mimi nilikuta namba, sikuikuta ikiruka."

Kidole cha Msumari kilisafiri hadi mwisho wa karatasi ya tatu. Saa tano na dakika kumi na nne, sabini. Saa tano na robo, hamsini na mbili. Akatoa kalamu, akapiga hesabu kwenye kiganja kama alivyozoea. Kutoka sitini na nne hadi themanini na mbili, kumi na nane. Kutoka sabini hadi hamsini na mbili, kumi na nane.

"Imeruka ukuta kuingia," alisema, "na imeruka ukuta ule ule kutoka. Mama, tengeneza kila kitu kilivyokuwa. Kifaa kwenye stendi, mahali pake."

"Farasi hatuna."

"Tumia chochote chenye maji."

Mama Mapigo alichukua mfuko wa maji ya chumvi, akaulaza kwenye godoro, mahali ambapo kifua cha farasi hukaa. Akaunganisha mrija, akafunga kifaa kwa plasta kwenye stendi, usawa mmoja na mfuko, akabonyeza. Kioo kikaonyesha sifuri.

"Huu ni mchezo wa watoto," alisema Daktari Mkuu.

"Basi hautachukua muda." Msumari aliweka kiatu kwenye pedali, akakanyaga.

Meza ilipanda bila kelele. Hilo alilitia akilini: bila kelele. Kwenye kioo namba zilianza kutambaa. Tatu. Saba. Kumi na moja. Hakuna mtu aliyegusa mfuko, wala mrija, wala kifaa. Ilipofika kumi na nane akaondoa mguu.

Kutoka mfukoni mwa koti akatoa futi kamba ya fundi cherehani, iliyochakaa kingo. Alipima kutoka sakafuni, akaishusha meza ilipokuwa, akapima tena, akaipandisha tena hadi kumi na nane.

"Sentimita ishirini na tano, pungufu kidogo," alisema. "Binti, njoo usimame hapa unaposimama siku zote. Weka mikono kana kwamba unamshikia mjomba wako goti la farasi."

Msichana alisogea. Ukingo wa meza ulimfika kifuani. Mikono aliyoinyoosha ilikuwa juu, mabega yamemjaa masikioni.

"Unaweza kufanya kazi hivyo saa nzima?"

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo.

Msumari alikwenda kwenye kona, ambako tangu anaingia alikuwa ameona kijukwaa cha chuma, cha kupanda mtu mfupi. Juu yake kulikuwa na alama mbili za soli, rangi ya kahawia ya dawa ya kusafishia ngozi, zimekaukia. Alikibeba hadi miguuni pa msichana. Soli za viatu vyake vyeupe vya mpira zilikuwa na michirizi ile ile. Alipopanda, mikono ilishuka mahali pake sawasawa.

"Hupanda hapo kila siku," alisema Daktari Mkuu. "Ni mfupi, kama unavyoona."

"Bila shaka." Msumari akakanyaga pedali ya pili, meza ikashuka hadi kawaida yake. "Endelea na kazi, binti. Bado uko juu ya kijukwaa."

Ili kufikia godoro, msichana alilazimika kukunjika kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Kila siku hufanya kazi hivi?" Msumari alimwuliza Daktari Mkuu. "Ni wewe unayekuwa umeinama kwenye meza hii fupi, miaka thelathini, mpaka mgongo umekwisha. Yeye inamtosha akiwa chini. Kijukwaa anakihitaji siku moja tu: siku ambayo wewe umesimama wima."

Kwa mbali, mabandani, farasi mmoja aligonga mlango kwa kwato.

"Inspekta," alisema Daktari Mkuu, na upole wote ulikuwa umemtoka sautini, "una maji ya chumvi na kijukwaa kichafu. Mimi nina jina. Nenda navyo mahakamani tuone kipi kizito. Mpwa wangu alikuwepo, mwulize."

"Namwuliza. Lakini kwanza nimwambie mambo mawili. Binti, hulazimiki kujibu mbele yake. Tukitaka tutakwenda ofisini kwangu. Na ukijibu, nitaandika, na utatia saini."

Msichana alikuwa bado amekunjika juu ya kijukwaa. Alijinyoosha, akashuka, akakisukuma kando kwa mguu.

"Nitajibu hapa," alisema.

"Angalia unachosema," alisema mjomba wake.

"Ndicho ninachokiangalia, mjomba." Alimgeukia Msumari. "Mama Mapigo alipoingia stoo, yeye aliikanyaga pedali. Alisema mgongo unamwaka moto. Nikamwambia, mjomba, kuna karatasi ukutani. Akaniambia nishike vifaa, nisishike mdomo. Nikavuta kijukwaa. Tulikuwa tumetandaza vitambaa vya kijani mpaka chini. Mtu akirudi haoni kwamba meza imepanda. Tulipomaliza kushona, akaishusha kwa mguu, taratibu. Sikujua kwamba meza ndiyo iliyomwumiza farasi. Kweli kabisa sikujua. Nilijua jioni, nilipomwona anachana karatasi ya mashine na ile ya ukutani."

"Na Mama Mapigo alipowauliza kama meza iliguswa?"

"Yeye alijibu haikuguswa. Mimi nikatikisa kichwa." Alimtazama Mama Mapigo usoni. "Nilitikisa kichwa. Ni uongo uleule."

Mama Mapigo alikuwa ameshika mrija kati ya vidole viwili, kama anayetafuta kitu kinachopiga ndani yake.

"Nimekulea," alisema Daktari Mkuu. "Nimekusomesha. Ajira hii ni mimi niliyekupa."

"Umenilea. Na ulinifundisha kwamba kazi ya msaidizi ni kuhesabu kila kilichoingia na kila kilichotoka, kisibaki kitu ndani ya mgonjwa. Hili lilibaki, mjomba. Nimelihesabu siku sita, kila nikihesabu halitimii."

"Basi usiku wa leo usirudi kwangu."

Msichana alivua kofia ya upasuaji, akaikunja mara mbili, kwa utulivu ambao Msumari hakuutarajia.

"Sirudi kwako. Narudi nyumbani. Nyumba ile ina jina la mama kwenye hati, wewe ulihamia tulipomzika, na nilifurahi ulipohamia. Ukija kuchukua vitu vyako, njoo mchana. Nitakuwepo, nitakufungulia."

Daktari Mkuu alitafuta mahali pa kujishikilia, akapata ukingo wa meza.

"Ilikuwa sentimita ishirini na tano tu," alisema hatimaye, bila kumlenga yeyote. "Angeniambia mtu kwamba itamwua, nisingeipandisha."

"Uliambiwa," alisema Msumari. "Karatasi ilikuwa ukutani. Na hilo silo linalonileta. Kupandisha meza ni kosa la mtu mwenye mgongo mbovu, na bodi yenu italishughulikia. Mimi nina karatasi iliyochanwa na barua iliyoandaliwa ili mtu mwingine akiri. Hayo yana vifungu vyake. Nenda ofisini kwako, ukae, usiguse droo hata moja. Mlinzi wa getini yuko nje ya mlango wako tangu tuliposhuka; nilimwomba kabla sijapanda kwako."

Alitoka akiwa amenyooka, kadiri mkanda ulivyomruhusu.

Msumari alivuta kijukwaa kingine, kisafi, akakikalia, akaweka daftari mapajani. Aliandika maelezo ya msichana neno kwa neno, akamsomea, akamwacha asahihishe mahali pawili. Msichana akatia saini kwa herufi kubwa zinazosomeka, akaomba ruhusa, akaenda kunawa uso.

Mfukoni simu ilianza kutetemeka. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika nne.

"Mama, umekuwa huru," alisema Msumari. "Nahitaji maelezo yako mafupi tu. Ulikuwa stoo, ukarudi, ukaona themanini na mbili, ukapunguza dawa kama utaratibu unavyosema. Inatosha."

"Haitoshi," alisema Mama Mapigo. "Andika na la kwangu."

"Lako lipi?"

"Kila nikitoka hata dakika moja, nikirudi naangalia kama kifaa na moyo viko usawa kabla ya kuamini namba. Nawafundisha wanafunzi hivyo, nawapigia kelele. Siku ile sikuangalia. Nilikuwa nimebeba mtungi peke yangu, nikaona namba nzuri, nikaipenda. Kiburi alilala dakika sitini akiwa na presha ya hamsini na mbili, kioo kikisema sabini, na mkono wangu ulikuwa shavuni mwake. Ningeweza kuusikia mshipa ulivyo laini. Niliuhisi, nikaamini kioo."

Simu ikatulia, ikaanza upya.

"Wakili yeyote atakukataza kusema hivyo," alisema Msumari. "Daktari Mkuu atalishika neno hilo, ataling'ang'ania mpaka mwisho."

"Alishike. Barua yake sikuitia saini kwa sababu ni uongo. Hii naitia kwa sababu ni kweli. Na chini yake utaongeza zile barua tatu za kishikizo na ile ya msaidizi, tarehe na tarehe, ili bibi mwenye farasi ajue ni nani aliyeomba na ni nani aliyepuuza. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa ukweli wote, si kwa nusu."

Msumari aliitoa simu mfukoni, akaona jina la Mkuu linawaka, akailaza kifudifudi juu ya meza ya upasuaji, ikaendelea kutetemekea kwenye mpira. Akafungua ukurasa mpya.

"Anza na ulipotoka stoo," alisema. "Taratibu. Naandika."